Tathmini ya include na require za PHP kwa tovuti za biashara ndogo za Nairobi

Tathmini hii inahusu amri nne za PHP, lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva ya tovuti, ambazo kazi yake ni moja: kuchukua faili iliyo pembeni na kuiingiza ndani ya ukurasa wakati seva inapoutayarisha ukurasa huo kwa ajili ya msomaji. Amri hizo ni include, require, include_once na require_once. Ninazipima kama ambavyo mtu angepima chombo chochote cha kazi, kwa sababu sisi tunaotengeneza na kutunza tovuti za biashara ndogo hapa Nairobi, yaani maduka ya Luthuli Avenue, shule za kibinafsi, parokia, kliniki na vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, tunakishika chombo hiki kila siku na ni nadra kumwona mtu akikaa chini kukitathmini. Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa tovuti yenye kurasa kumi hadi hamsini inayokaa kwenye seva ya kukodi, sijaona kinachokishinda, mradi anayekitumia aelewe kwamba chombo hiki hutii kila kinachoambiwa na hakimuulizi mtu swali.

Tazama vitu vinavyojirudia katika tovuti ya duka la vifaa vya umeme. Juu kuna nembo na menyu. Chini kuna nambari za simu, nambari ya Paybill ya kulipia kwa simu, jina la jengo na orofa, saa za kufungua na mwaka wa hakimiliki. Vitu hivyo vikinakiliwa katika kila ukurasa, siku duka litakapohama kutoka orofa ya pili hadi ya chini, au mwenye duka atakapopata nambari mpya ya Paybill, mtu atalazimika kufungua faili moja baada ya nyingine na kusahihisha kwa mkono. Kurasa mbili tatu zitasahaulika, na kwa tovuti inayopokea fedha hilo si suala la urembo: mteja atakayeangukia ukurasa uliosahaulika atatuma malipo kwa nambari ambayo duka halitumii tena, kisha ataanza safari ndefu ya kuomba fedha zake zirudishwe. Sehemu hizo zikiwekwa katika faili moja inayoitwa na kila ukurasa, habari hukaa mahali pamoja na husahihishwa mahali pamoja.

Namna ya kukitumia ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuishika siku ya kwanza. Ukurasa wa bei, kwa mfano, unaanza hivi:

$kichwa = 'Bei za nyaya na swichi';
require __DIR__ . '/sehemu/kijajuu.php';

Mstari wa kwanza unaweka jina la ukurasa katika kigeu, yaani jina linalobeba thamani (hapa $kichwa), na wa pili unaleta faili ya kijajuu, ile sehemu ya juu ya ukurasa, iliyo katika folda iitwayo sehemu. Faili hiyo inapofika mahali pa kuandika jina la ukurasa inakikuta kigeu kile tayari, kwa sababu katika PHP faili inayoingizwa huona vigeu vyote vilivyokuwapo kwenye mstari ulioiita. Kwa hiyo kijajuu kimoja kinazitosha kurasa zote, na bado kila ukurasa unabaki na jina lake katika kivinjari na katika matokeo ya Google. Kijachini, yaani sehemu ya chini, nacho kinaweza kuuandika mwaka chenyewe kwa date('Y'), hivyo mwenye duka hana haja ya kumpigia fundi simu kila Januari.

Uzuri wake mkubwa zaidi, hata hivyo, ni kwamba kinacholetwa si maandishi tu bali ni msimbo, yaani maagizo ya programu, unaofanya kazi, na faili inaweza hata kumrudishia aliyeiita thamani kwa neno return. Mfano ulio karibu nasi ni kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Tarehe 1 Aprili 2020 kiwango cha VAT nchini Kenya kilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 kikarudi kuwa asilimia 16. Kwa tovuti ambayo kiwango hicho kimeandikwa kwa mkono ndani ya ukurasa wa bidhaa, ukurasa wa kikapu, ankara na barua pepe ya kuthibitisha agizo, mabadiliko kama hayo ni kazi ya kuwinda tarakimu, na tarakimu moja iliyojificha inatosha kuleta mgogoro na mteja au na mkaguzi wa hesabu. Kwa tovuti yenye faili moja, tuseme kodi.php, ni mstari mmoja tu unaobadilishwa. Na kwa kuwa faili hiyo ni msimbo, anayeiandika anaweza kuiachia iamue yenyewe kwa kutazama tarehe ya mauzo:

return function (string $tarehe): float {
    return ($tarehe >= '2020-04-01' && $tarehe < '2021-01-01') ? 0.14 : 0.16;
};

Ankara ya Machi 2020 ikifunguliwa leo itakokotolewa kwa asilimia 16, ya Agosti 2020 kwa asilimia 14, na ya Januari 2021 kwa asilimia 16 tena, bila mtu kugusa ukurasa wowote. Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. PHP isipoelekezwa hutumia saa za UTC, yaani saa za marejeo za dunia, na Nairobi iko mbele ya saa hizo kwa saa tatu mwaka mzima. Kwenye seva isiyoelekezwa, tarehe mpya huanza saa sita usiku kwa hesabu ya UTC, wakati ambapo hapa kwetu tayari ni saa tisa usiku. Agizo lililowekwa Nairobi saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2021 lingehesabiwa kuwa la Desemba na kutozwa asilimia 14. Dawa yake ni mstari mmoja, date_default_timezone_set('Africa/Nairobi'), uwekwe katika faili ya mwanzo ambayo kila ukurasa unaiita kabla ya kitu kingine chochote. Dosari kama hiyo ingetibiwa mara arobaini katika tovuti isiyo na faili ya pamoja. Katika iliyo nayo inatibiwa mara moja.

Kuna vyombo vingine vya kazi hii, na ni haki vitajwe. Seva ya Apache ina njia yake ya zamani ambayo haihitaji lugha yoyote ya programu: unaandika <!--#include virtual="/sehemu/kijachini.html" --> ndani ya ukurasa, na seva inaweka faili hiyo mahali hapo kabla ya kumpelekea msomaji. Kwa tovuti ya maandishi matupu, kama vile ya kanisa inayotangaza ratiba za ibada na jumuiya, njia hiyo ni safi na ina mianya michache. Ila ukitaka kijajuu kitambue mtu aliyeingia kwa nenosiri, au bei ikokotolewe kwa tarehe, utafika mwisho wake upesi. ASP ya zamani ya Microsoft iliazima maandishi yaleyale, lakini huziingiza faili kabla msimbo wowote haujaanza kutekelezwa, kwa hiyo jina la faili haliwezi kutoka katika kigeu. JSP ya Java ina njia mbili tofauti, moja ikiingiza faili wakati ukurasa unapotafsiriwa na nyingine wakati msomaji anapouomba, na anayeanza hupotea kati ya hizo mbili. PHP huingiza faili pale mstari unapofikiwa, kwa hiyo include iliyo ndani ya sharti haitekelezwi sharti lisipotimia. Urahisi huo wa kuielewa ndio unaonifanya niipe nafasi ya kwanza.

Sasa nije kwenye tofauti ya include na require, ambayo mafunzo mengi huipitia kwa sentensi moja ilhali inastahili zaidi. Faili isipopatikana, include hutoa onyo na kuuacha ukurasa uendelee, require huusimamisha. Watu wengi huchagua include wakiamini kwamba ukurasa wenye upungufu ni bora kuliko ukurasa uliosimama, na kwa tangazo la pembeni au orodha ya habari mpya wana haki. Lakini chukua tovuti ya shule ambako mzazi huingia kwa nenosiri ili aone salio la karo. Juu ya ukurasa huo kuna faili, tuseme ulinzi.php, inayohakikisha kwamba anayeufungua ameingia kihalali, na kumrudisha nyuma asipokuwa ameingia. Faili hiyo ikiitwa kwa include, na siku moja mtu akabadilisha jina lake au ikaachwa wakati wa kupakia faili kwenye seva, PHP itatoa onyo moja, ambalo pengine limefichwa na halionekani kwa yeyote, kisha itaendelea kuonyesha salio la kila mwanafunzi kwa yeyote atakayefika hapo. Mlango umebaki wazi na hakuna aliyejua. Kwa require ukurasa ungesimama, mzazi angelalamika asubuhi hiyohiyo, na fundi angejua. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kuita kwa require kila faili ambayo bila yake ukurasa haupaswi kuonekana, nayo ni karibu faili zote: mipangilio, muunganisho wa hifadhidata, ulinzi na kodi. Include nabakiza kwa mapambo.

Zile mbili zenye _once huhakikisha kwamba faili haiingizwi mara ya pili katika ukurasa uleule. Zinafaa kwa faili zenye fanksheni, yaani vipande vya msimbo vyenye jina vinavyoitwa kufanya kazi fulani, maana PHP hukataa katakata fanksheni moja kutangazwa mara mbili na kuusimamisha ukurasa. Kwa kadi ya bidhaa inayorudiwa katika orodha hazifai: ukiita kadi.php kwa include_once ndani ya mzunguko wa bidhaa ishirini, utapata kadi moja na nafasi tupu kumi na tisa.

Udhaifu unaopoteza muda mwingi kuliko wote ni wa njia za faili. Anayeandika require './menyu.php' hudhani kwamba nukta ile ina maana ya folda ya faili aliyomo. Sivyo. Nukta huhesabiwa kuanzia folda ya kazi ya wakati huo, ambayo kwa ukurasa wa tovuti kwa kawaida ni folda ya ukurasa ulioombwa na msomaji. Kijajuu kikiita './menyu.php' kinafanya kazi vizuri pale ukurasa wenyewe na menyu vinapokaa folda moja, kisha kinavunjika siku unapofungua folda ndogo ya bidhaa na kuweka kurasa humo. Shida hiyo hiyo hujitokeza kwa kazi zinazopangwa kujiendesha usiku, kama vile kutuma taarifa za akaunti kwa wanachama wa chama cha akiba: msimbo uleule uliofanya kazi mchana kupitia kivinjari unashindwa usiku, kwa sababu kazi ya usiku huanzia folda nyingine kabisa. Tiba imekuwapo tangu toleo la 5.3 la mwaka 2009, nayo ni __DIR__, ambayo daima ni folda ya faili ambamo imeandikwa, bila kujali nani ameiita faili hiyo. Sioni sababu ya faili yoyote kuitwa bila __DIR__ leo, na tovuti ninayokabidhiwa kuitunza huwa naanza kwa kubadilisha njia zake zote kwanza.

Nduguye wa tatizo hilo ni herufi kubwa na ndogo. Wengi wetu hutengeneza tovuti kwenye kompyuta za Windows kwa kutumia XAMPP, programu inayoigeuza kompyuta kuwa seva ya majaribio, kisha tunaipakia kwenye seva ya Linux. Windows haitofautishi Kijajuu.php na kijajuu.php, Linux inazitofautisha. Matokeo yake ni tovuti iliyokuwa kamili mezani ikashindwa kufunguka mbele ya mteja, na mteja, ambaye hajali mfumo wa kompyuta ya nani unafanyaje, anaona tu kwamba kazi aliyolipia haionekani. Kuandika majina yote ya faili kwa herufi ndogo, bila nafasi kati ya maneno, kunaliondoa tatizo hilo kabisa.

Kuna pia gharama ya ule uzuri wa kushirikiana vigeu. Kwa kuwa faili inayoingizwa huona vigeu vya aliyeiita, huweza pia kuvibadilisha. Ukurasa unaoorodhesha bidhaa ukitumia $jina kwa jina la bidhaa, na menyu inayoingizwa katikati ikitumia $jina kwa jina la kiungo, bidhaa inayofuata itaitwa "Wasiliana nasi". Hitilafu ya namna hii haitoi onyo lolote na huchosha kuitafuta. Njia nzuri ni kuifunga amri ndani ya fanksheni moja ndogo inayopokea jina la sehemu na data yake, kwa sababu faili inayoingizwa ndani ya fanksheni huona vigeu vya fanksheni hiyo tu.

Usalama ndio mahali ambapo chombo hiki kinahitaji kuheshimiwa kuliko kwingine kote. Kuna mtindo ambao bado unaonekana katika tovuti zilizotengenezwa kwa haraka, ambapo ukurasa mmoja hubeba tovuti yote na kuleta sehemu kufuatana na kilichoandikwa kwenye anwani:

include $_GET['ukurasa'];

Mstari huu ni mfupi, unafanya kazi, na unamkabidhi mgeni yeyote funguo za nyumba. Mdukuzi anaweza kuandika mfululizo wa ../ kwenye anwani ili apande folda moja baada ya nyingine na kusoma faili za seva ambazo hazikuwa za wageni. Zamani angeweza hata kuandika anwani ya tovuti yake mwenyewe, na seva ya duka ingeenda kuuleta msimbo wake na kuutekeleza. Hatari hiyo ya pili ilipunguzwa sana toleo la 5.2 lilipokuja mwaka 2006 na mpangilio uitwao allow_url_include ambao kwa kawaida umezimwa. Hatari ya kwanza bado ipo. Tena include haitazami mwisho wa jina la faili: picha yenye jina la .jpg ambayo ndani yake mtu amepachika msimbo wa PHP itatekelezwa kama msimbo mara itakapoingizwa. Tovuti inayowaruhusu wateja kupakia picha za vitambulisho au za bidhaa na wakati huohuo ina mstari ule wa juu imempa mdukuzi mahali pa kuweka silaha na njia ya kuifyatua.

Suluhisho si kuchuja alama za ../ moja baada ya nyingine, maana mdukuzi atapata namna nyingine ya kuziandika. Suluhisho ni kwamba jina la faili lisitoke kwa mgeni hata kidogo. Mgeni alete neno, na neno hilo litafutwe katika orodha uliyoiandika mwenyewe:

$kurasa = ['bei' => 'bei.php', 'simu' => 'mawasiliano.php'];
$neno = $_GET['ukurasa'] ?? 'bei';
require __DIR__ . '/kurasa/' . ($kurasa[$neno] ?? 'haupo.php');

Neno lisilo katika orodha linapelekwa kwenye ukurasa unaosema kwamba kilichotafutwa hakipo, na jitihada zote za mgeni zinakomea hapo. Hakuna sababu ya kuwaachia wataalamu wa benki peke yao jambo hili. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayedhibiti data za watu kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data hizo zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kwamba kuna hatari halisi ya wenyewe kudhurika, na shule yenye majina ya wanafunzi na nambari za simu za wazazi inahusika moja kwa moja.

Kosa jingine la usalama linatokana na nia njema. Baadhi ya watu huzipa faili za kuingizwa jina linaloishia kwa .inc ili wazitofautishe na kurasa kamili. Seva ambayo haijaambiwa kwamba .inc ni PHP humpelekea msomaji faili hiyo kama maandishi ya kawaida, pamoja na nenosiri la hifadhidata lililomo. Faili zote ziishie kwa .php, na zile za mipangilio ziwekwe nje kabisa ya public_html, folda ambayo seva huionyesha kwa wageni, mahali ambako hakuna anwani ya intaneti inayoweza kuzifikia ilhali require inazifikia bila shida.

Kuhusu kasi, nimesikia hofu kwamba kuingiza faili nyingi hufanya ukurasa uwe mzito. Kwa faili zilizo kwenye diski ya seva yenyewe hofu hiyo haina msingi. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013, PHP huja na OPcache, ambayo huhifadhi kwenye kumbukumbu ya seva msimbo uliokwisha kutafsiriwa, hivyo faili haisomwi na kutafsiriwa upya kwa kila mgeni. Kinachogharimu ni kuita faili ya tovuti yako mwenyewe kwa anwani kamili ya http, kwa sababu hapo seva inajitumia ombi jipya kana kwamba ni mgeni, na kinachorudi ni matokeo tu, vigeu havishirikiwi. Kwa msomaji wa Nairobi, ambaye mara nyingi anafungua tovuti kwenye simu kwa bando la data akiwa ndani ya matatu ya Thika Road, faida ni kubwa. Ukurasa unaomfikia tayari umeunganishwa sehemu zake zote kwa ombi moja. Mbinu za kuileta menyu kwa JavaScript baada ya ukurasa kufunguka humwongezea safari ya pili, na mtandao ukilegea kati ya safari hizo mbili anabaki na ukurasa usio na menyu.

Dokezo moja la kiufundi kabla ya bei. Faili yenye msimbo mtupu isifungwe kwa alama ya ?> mwishoni, kwa sababu nafasi au mstari mtupu unaobaki baada ya alama hiyo hutumwa kwa msomaji kama sehemu ya ukurasa, na baada ya hapo PHP inaweza kushindwa kuweka kuki ya kuingia au kumhamisha mtu hadi ukurasa mwingine. Alama isiyoonekana ambayo baadhi ya programu za kuandikia za Windows huiweka mwanzoni mwa faili iliyohifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 huleta shida hiyohiyo.

Bei ni sifuri. PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995, ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, na seva za kukodi za bei nafuu kwa kawaida huja nayo ikiwa tayari. Gharama halisi ni kodi ya seva na ya jina la .co.ke, ambazo mwenye tovuti angelipa kwa vyovyote. Naipa include pamoja na nduguze nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeondoka kwa sababu ya namna inavyohesabu njia za faili na kwa sababu haimzuii anayeanza kuandika ule mstari wa hatari; lugha ingeweza kumkinga zaidi.

Kwa kazi kubwa, kama mfumo wa mikopo wenye watengenezaji kadhaa, ningeshauri violezo vya Twig au vya Blade, ambavyo vina amri zao za kuingiza sehemu na huigeuza alama ya hatari iliyoandikwa na mgeni kabla ya kuionyesha. Hata huko anayejua require hajapoteza muda: programu iliyojengwa kwa Laravel, mfumo maarufu wa kujengea tovuti za PHP, huanza kwa kuita vendor/autoload.php kwa require hiyohiyo, na WordPress, ambayo tovuti nyingi zimejengwa juu yake, huleta kijajuu na kijachini kwa get_header() na get_footer(), ambazo ndani yake zinaishia kwenye amri hizi hizi.

Kabla ya kulipia seva, iulize kampuni inatumia toleo gani la PHP, maana toleo la 7.4, ambalo bado linaonekana katika orodha za baadhi yao, liliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022. Uliza kama OPcache imewashwa, kama allow_url_include imezimwa, na kama utapewa nafasi ya kuweka faili nje ya public_html. Mhudumu akishindwa kukujibu au kukuunganisha na fundi anayeweza, usihamishe jina lako la tovuti kwenda kwao.